Kula na kuzurura Dar ukiwa peke yako: Kariakoo, Feri, na jioni Kisutu

Anayekula peke yake katikati ya Dar es Salaam hushindwa na saa kuliko bei. Supu ya saa moja asubuhi si ile ya saa tano. Samaki aliyekaangwa saa sita si yule aliyelala kwenye sinia mpaka saa kumi. Mishikaki ya Kisutu haiwekwi jikoni kabla jua halijaanza kushuka. Mgeni anayetoka hotelini saa nne, akiwa ameshiba mkate na siagi, hufika Kariakoo sufuria zikiwa zimepinduliwa, akazunguka na njaa mpaka wali uive, na mwisho akaangukia chipsi zilizopoa kwenye kabati la kioo. Kisha anasema Dar hakuna chakula.

Chakula kipo, na mtu mmoja anakipata vizuri zaidi kuliko kundi. Benchi la mama ntilie halikosi nafasi ya mtu mmoja hata saa saba mchana, na hakuna atakayekuuliza mwenzako yuko wapi. Vitu vingi vinauzwa kwa kipande, kwa kikombe, kwa kijiti. Hasara ni mbili tu: hakuna wa kukuangalizia mkoba ukienda kunawa, na baadhi ya sahani, hasa samaki mkubwa na kuku mzima, zimepangwa kwa watu wawili watatu. Zote mbili zina dawa.

Njia inayopimwa hapa inaanzia Kariakoo alfajiri, inapita Kisutu, Makumbusho ya Taifa na Feri (soko la samaki la Magogoni), kisha inarudi Kisutu jioni. Kwa miguu ni kama kilomita tano hadi sita kwa siku nzima, na mapumziko yake ni mengi. Tenga shilingi 35,000 hadi 40,000 za kula na kunywa kama unataka kuonja karibu kila kitu. Mwenye 20,000 naye anashiba, akiacha chai ya Kisutu na kuku wa jioni.

Kabla ya kutoka, vunja noti. Noti ya 10,000 saa moja asubuhi ni ugomvi: muuza kahawa hana chenji, mwenye dafu hana, na mlinzi wa choo cha kulipia hana na hataki kuitafuta. Beba sarafu za 200 na 500, na noti za 1,000 na 2,000, zikae mfuko wa mbele. Hela kubwa zikae kwingine kabisa, usizitoe sokoni. Lipa namba zipo kwenye mikahawa na maduka, lakini vile vitu vidogo ambavyo ndivyo utamu wa safari hii vinataka sarafu mkononi. Mkoba uwe mdogo, na Kariakoo uvaliwe kifuani. Viatu viwe vya kufunika na visivyoteleza, kwa sababu sakafu ya Feri ina maji ya samaki tangu asubuhi na ndala hazifai kabisa. Weka karatasi za chooni.

Na simu. Usitembee ukiwa umeishika upande wa barabara. Bodaboda yenye watu wawili inaihitaji sekunde moja tu. Ukitaka kuangalia ramani, ingia dukani, geuka mgongo ukutani, angalia, iweke mfukoni, ndipo utoke. Aliye peke yake ndiye hujisahau hapa, kwa kuwa hana wa kuulizana naye njia. Kuuliza muuza duka ni salama na ni haraka kuliko ramani, na mara nyingi utapata maelezo marefu kuliko uliyoyaomba.

Supu kwanza. Kwenye mitaa inayozunguka soko la Kariakoo, vibanda na migahawa ya supu huwa tayari kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Ya mbuzi, ya ng'ombe, ya utumbo, ya makongoro: zote ni mifupa na nyama iliyochemshwa muda mrefu kwa chumvi, tangawizi na vitunguu saumu, pengine pilipili manga. Saa moja mpaka saa mbili na nusu ndiyo wakati wake. Baada ya hapo mpishi huanza kuongeza maji ya moto ili sufuria iwafikie wateja, halafu anarudisha chumvi ili ladha isipotee, na unachopata saa nne ni maji ya chumvi yenye kumbukumbu ya nyama. Namna ya kujua bila kuonja ni kuangalia upawa unapoinuliwa. Supu iliyo hai ina matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika juu yote na rangi ya ukungu. Iliyoongezwa maji ni nyeupe ya kuona chini ya bakuli, na mafuta yake yamejikusanya pembeni.

Agiza bakuli moja na chapati mbili, au chapati moja na ndizi kama unataka kubakiza nafasi, maana siku ni ndefu. Ndimu ikamuliwe mwishoni, si kabla ya kuonja, kwa kuwa wengine wamekwisha kuitia jikoni. Pilipili ya kusaga uipate pembeni kwenye kisosi. Anayeonja utumbo mara ya kwanza aombe nusu na nusu, utumbo na nyama. Wengi hukubali kama si wakati wa foleni. Makongoro ni matamu lakini ni mazito mno kwa mtu atakayetembea juani, na kwa maoni yangu yaachiwe Jumapili ya kulala. Bakuli na chapati havipaswi kuzidi kama 5,000 kwenye kibanda cha kawaida. Ukitajiwa zaidi, uliza bei ya kila kitu peke yake kabla ya kukaa, wala hakuna atakayekasirika.

Kuanzia saa mbili mpaka saa nne kasoro ndio muda wa kuzurura Kariakoo. Maduka yanafunguka, mizigo inashushwa, na bado unaweza kupita Mtaa wa Kongo bila kubebwa na umati. Saa tano mtaa huo hautembei. Wewe ndiye unayetembezwa. Jengo la soko lenyewe linastahili kutazamwa hata na asiyenunua kitu. Lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake ni safu ya miavuli ya zege iliyopinduliwa ili ikusanye maji ya mvua na kupitisha hewa bila mashine. Liliungua Julai 2021 na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Simama ng'ambo ya barabara, si mlangoni, maana mlangoni utagongwa na mkokoteni. Neno la kusikiliza ni "pisha": likisemwa nyuma yako, sogea kwanza, geuka baadaye.

Kwa kula, Kariakoo ya mchana haistahili sifa inazopewa. Vyakula vingi vya mezani pale vimewekwa kumshibisha mtu mwenye haraka, na ni sawa. Kilicho bora ni vitu viwili: matunda na kahawa. Matunda ununue mazima. Yale yaliyokatwa na kufungwa kwenye mfuko yameoshwa kwa maji usiyoyajua na yamekaa juani tangu saa usiyoijua. Chungwa muuzaji atalimenya mbele yako kwa kisu chake, akaacha ile ngozi nyeupe ili usichafuke mikono. Embe na nanasi ni za msimu wa joto, kuanzia kama Novemba. Nanasi lichaguliwe kwa kunusa kitako chake, kama halinukii halijaiva, hata rangi ikiwa ya dhahabu.

Kahawa ni ile ya birika juu ya mkaa, inayouzwa kwa kikombe kidogo kisicho na sikio, chungu, bila maziwa wala sukari, na kashata ya karanga au ya nazi pembeni. Wauzaji wengine wanatembea wakigonga vikombe, wengine wana kijiwe chao chini ya kibaraza, penye bao au drafti. Nenda kwenye kijiwe. Salimia wote kwa pamoja, "shikamooni wazee" kama kweli ni wazee, "habari za hapa" kama ni rika lako, kaa kwenye ncha ya benchi, na umwachie muuzaji akumiminie. Kikombe cha kwanza kinywewe chote kabla hakijapoa, kwa sababu masimbi hushuka chini na funda la mwisho unaliacha, huligugumii. Vikombe huoshwa kwenye ndoo moja. Kama jambo hilo linakusumbua, nenda na kikombe chako. Watakucheka kidogo, lakini watakimiminia. Angalia pia rangi ya kashata: ya karanga ikiwa nyeusi upande mmoja, sukari iliungua, na uchungu wake utapigana na wa kahawa. Vikombe viwili na kashata moja ni shilingi mia chache tu, na kwa pesa hiyo utasikia habari za Simba na Yanga kwa undani usiopatikana redioni.

Kutoka Kariakoo ondoka kabla ya saa nne na nusu. Shika barabara ya Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja, vuka Bibi Titi Mohammed kwenye kivuko cha watembea kwa miguu na si pengine, na baada ya kama robo saa uko upande wa Kisutu. Hapa mji hubadilika ghafla: ghorofa za zamani zenye tarehe na majina ya familia juu ya milango, mahekalu ya Kihindu kwenye Mtaa wa Kisutu, jamatini za Waismailia, maduka ya vitambaa na vyuma, na harufu ya bizari inayotoka madirishani. Mitaa ya kuzungukia ni Zanaki, Jamhuri, Libya na Indira Gandhi. Iko karibu karibu, na ukipotea, teremka mteremko, utafika baharini.

Kisutu ya asubuhi ni ya chai. Chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na majani, tangawizi na iliki, si maji ya moto yenye kifuko, na pembeni kababu, sambusa, kachori au katlesi. Kuna vioski na migahawa midogo ya miaka mingi, K Tea Shop ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi, na karibu zote zina kanuni moja: vitafunio hutoka jikoni kwa mafungu. Usichukue kilichopo mezani kwa sababu kipo. Uliza fungu linalofuata linatoka lini, na kama ni dakika kumi, kunywa chai ukisubiri. Sambusa iliyopoa hutoa mafuta ndani ya karatasi, na ngozi yake inakuwa kama plastiki. Kababu ipasuliwe kwa mkono: ndani iwe na unyevu na kitunguu kinachoonekana. Ikivunjika kama mkate mkavu, imejazwa unga. Mtu mmoja anahitaji chai moja na vitafunio viwili, basi. Kama umekunywa supu saa moja, hapa unaonja tu. Chatini ya nazi au ya kotimiri ipo mezani kwenye chupa au bakuli, na huharibika haraka kwa joto la Dar, kwa hiyo inuse kwanza. Ikiwa na ukakasi wa kuchacha, achana nayo.

Saa tano mpaka saa saba jua linachoma wima, na hakuna sababu ya kulipigania. Pita barabara ya Samora, pale Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inapogawa magari, endelea mpaka Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani miaka ya 1890, kisha ingia Makumbusho ya Taifa kwenye Mtaa wa Shaaban Robert. Ndani kuna kivuli, vyoo safi na mahali pa kukaa, na hivyo vitatu peke yake vinatosha kuwa sababu. Ukumbi wa chimbuko la binadamu, wenye habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, ndio unaostahili muda mrefu. Magari ya zamani ya viongozi hutazamwa kwa dakika kumi. Saa moja na nusu inatosha kwa jengo zima. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si kimoja.

Sasa Feri, na hapa ndipo pa kutumia akili. Soko la samaki la Magogoni, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002, lipo mwisho wa barabara ya Kivukoni, karibu na gati la pantoni. Kutoka makumbusho ni mwendo wa kama robo saa. Mnada wa asubuhi ni wa wenye ndoo na makasha ya barafu. Samaki huuzwa kwa mafungu makubwa na msafiri mmoja hana la kununua pale. Mchana mambo yako matatu: wachuuzi wa rejareja wenye samaki mmoja mmoja, wapara samaki, na wakaangaji upande wa majiko. Unaweza kwenda moja kwa moja kwa mkaangaji ukachagua aliyekwisha kukaangwa, na wengi hufanya hivyo. Kwa nusu saa zaidi unapata kitu bora mara mbili.

Nunua samaki wako mwenyewe. Kwa mtu mmoja mwafaka ni changu wa ukubwa wa kiganja na vidole vyake, au kipande cha nguru chenye unene wa vidole viwili. Kibua ni rahisi na ni mtamu, ila ndiye anayeharibika mapema kuliko wote, kwa hiyo baada ya saa sita usimguse kama hakukaa kwenye barafu. Jodari hukauka akikaangwa. Mwache kwa mchuzi. Angalia jicho, liwe limejaa na jeusi katikati, lisiwe limezama wala kufunikwa na ukungu. Funua shavu: matamvua yawe mekundu na yenye ute mwepesi, yasiwe ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, na shimo lirudi mara moja. Wachuuzi wengine humwagia maji samaki wa jana ili ang'ae, na ndiyo maana mng'ao wa ngozi hausemi kitu, matamvua ndiyo yanayosema. Bei ya kwanza utakayotajiwa si bei. Taja theluthi mbili, mtakutana katikati, na usimalize mpaka umekubaliana pia kama kupara kumo au hakumo.

Mpara samaki atakwangua magamba, kutoa matumbo na kuchana mikato mitatu ubavuni. Mwombe mikato ifike karibu na mfupa, vinginevyo nje itaungua na ndani patabaki pabichi. Kisha mpelekee mkaangaji na mkubaliane bei ya kukaanga kabla hajamtia mafutani. Hapo tazama sufuria. Mafuta mazuri yana rangi ya asali na yanachemka kwa mapovu makubwa yanayopasuka. Yaliyochoka ni meusi, yana povu dogo jeupe linalokaa juu kama la sabuni, na yanatoa moshi kabla samaki hajaingia. Samaki wake atakuwa na uchungu na tumbo litalalamika usiku. Kama mafuta ni hayo, nenda jiko la pili. Samaki wa ukubwa wa kiganja huchukua kama dakika nane hadi kumi, ageuzwe mara moja tu. Wale waliopangwa kwenye sinia wamekaangwa asubuhi na hurudishwa mafutani kwa dakika moja mteja akija: wanapata moto juu, ndani ni makapi.

Ugali au wali, maharage na mchicha vinapatikana kwa mama ntilie wa pembeni, na anakubali ukifika na samaki wako, mradi ununue ugali kwake. Ndimu na pilipili haziuzwi, zinaombwa. Kachumbari ni kitunguu na nyanya mbichi, ruka kama tumbo lako ni geni mjini. Jumla, samaki, kupara, kukaanga na ugali, hukaa kati ya 7,000 na 10,000 kulingana na bahari ya siku hiyo, maana upepo ukiwa mkali boti ni chache na bei hupanda hata kwa kibua. Mkoba uweke mapajani, mkanda umeviringishwa mguuni. Kunawa kuna jagi na beseni mezani, huna haja ya kuondoka.

Usipige picha ovyo eneo hili. Ikulu iko jirani, na kivuko nacho kina ulinzi. Samaki wako mpige picha, watu uwaombe kwanza, na kamera isielekezwe kwenye majengo ya serikali wala gati.

Ukishashiba, pantoni ya Kigamboni ndiyo safari ya bei nafuu kuliko zote mjini: mtembea kwa miguu hulipa shilingi 200, na kuvuka ni dakika chache. Nenda saa nane au saa tisa. Kuanzia saa kumi na nusu wafanyakazi wanarudi makwao, foleni inajaa ukumbi mzima, na geti likifunguliwa ni mbio. Simama juu uone mji mzima kwa mara moja. Upande wa pili kunywa dafu. Litikise kwanza karibu na sikio: likicheza maji kwa sauti, maji yamepungua na nyama imeanza kuwa nazi, linalofaa ni zito na kimya. Baada ya kunywa mwambie muuzaji alipasue na akukatie kijiko kwenye kifuu chenyewe. Kwenda fukwe za Kigamboni ni safari ya siku nyingine, usiibane hapa.

Ukirudi, tembea pwani ya Kivukoni ukipita Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili ya wakati wa Mjerumani, mpaka Boma la Kale karibu na gati la boti za Zanzibar. Lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, na ndani kuna maonyesho mazuri ya majengo ya mji. Vijana watakaokufuata na tiketi za boti wajibu "ahsante, nakaa" bila kusimama. Baada ya hapo rudi ulikofikia, oga, lala saa moja. Jioni ya Dar haianzi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na kuikimbilia ukiwa umechoka ni kuiharibu.

Jioni Kisutu ndiyo sehemu bora ya siku nzima, na kama una nusu siku tu, njoo hapa, kwingine uache. Majiko ya mkaa hutolewa barabarani, viti vya plastiki vinapangwa, na kona ya Libya na Morogoro, penye mgahawa wa Mamboz, hujaa familia zilizokuja na magari. Aliye peke yake afike saa kumi na mbili na nusu, kabla ya saa moja na nusu ya umati, atapata meza ya pembeni bila maneno. Kuku wa hapa, hasa ule wa mchuzi mkali wenye uchachu wa ndimu, unaagizwa nusu au robo. Usiruhusu mhudumu akuandikie mzima kwa mazoea. Naan moja inatosha. Mishikaki ionjwe kwanza miwili, si mitano. Mshikaki mzuri umelowekwa papai bichi na tangawizi, nyama inakatika kwa meno ya mbele, na kuna kipande kimoja cha mafuta kati ya vipande vya nyama kinacholowesha vingine. Papai likizidi, nyama inakuwa uji na kushikamana na kijiti. Likikosekana, utatafuna mpaka nyumbani. Mkaa uwe wa kijivu, usiwe na ndimi za moto, kwani mafuta yakidondokea moto unaowaka moshi wake mweusi ndio utakaoula.

Mix, ambayo Zanzibar wanaiita urojo, ni chakula cha mtu mmoja kamili: bakuli moja, kijiko kimoja. Mchuzi mwepesi wa manjano wenye uchachu wa embe au ndimu, viazi, bhajia za dengu, kachori, yai, nyama kidogo, chatini ya nazi, na chipsi nyembamba za muhogo juu. Inaharibika kwa njia mbili. Unga usipokorogwa vizuri mchuzi unakuwa na vidonge, na mchuzi ukipoa unaganda kama gundi. Mwambie muuzaji atie chipsi za muhogo mwisho, au akupe pembeni, la sivyo kabla hujafika katikati zitakuwa zimelowa.

Chipsi mayai si lazima uifuate Kisutu, ipo kila kona ya mji. Kanuni ni moja: chipsi zitoke mafutani muda huohuo. Mayai mawili, moto mkali, chipsi zitandazwe kwanza, mayai yamiminwe juu, na kugeuza kwa sahani. Ikipikwa kwa zile za kabatini, yai litaiva na viazi vitabaki vigumu katikati. Mwuzaji akikwambia dakika kumi, subiri, ni habari njema.

Pweza ni kwa anayekula kwa kusimama. Kwenye meza ndogo zenye taa, vipande hukatwa kwa mkasi na kutozwa kimoja kimoja, unachoma kwa kijiti na kuchovya kwenye chachandu. Hesabu vijiti vyako mwenyewe. Pweza aliyeiva vizuri hukatika bila kuvutika, na supu yake, ya rangi ya zambarau, hunywewa kwa kikombe. Kama amekuwa mpira, alichemshwa kwa haraka.

Juisi ya miwa iwe ile inayokamuliwa mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi, bila barafu, kwa sababu hatari huwa kwenye barafu na glasi zaidi ya kwenye muwa.

Kuhusu siku ya kuchagua: Jumatatu mpaka Alhamisi na Jumamosi ni nzuri. Ijumaa ina pilau na biriani kila mahali, ila maduka mengi ya Kariakoo na Kisutu hufunga kuanzia kama saa sita na nusu mpaka swala iishe, kwa hiyo biriani ifuatwe saa nane kasoro, kabla sufuria haijakwanguliwa. Jumapili Kariakoo inalala. Mwezi wa Ramadhani supu na chai za mchana nyingi hazipo, lakini futari na jioni za Kisutu hazina mfano. Machi mpaka Mei ni masika. Mvua kubwa ikinyesha bonde la Jangwani hujaa maji, na anayelala upande wa Magomeni au Kimara anaweza kukosa usafiri wa kurudi, mwendokasi ikiwamo. Siku ya mawingu mazito anza mapema, na ukiona wauza mahindi wanakunja miavuli, nenda nyumbani.

Usiku kurudi kwa miguu kutoka Kisutu kuelekea Posta au Mnazi Mmoja baada ya saa tatu sikushauri. Ofisi zimefungwa na mitaa ni mitupu. Ita gari au bajaji kwa programu ya simu ukiwa bado umeketi mezani, soma namba ya gari kabla ya kupanda, na dereva akikupigia kukuomba uifute safari mlipane taslimu, mkatalie na uite mwingine. Wa bajaji walioegesha kona watakutajia bei mara mbili wakiona umebeba mabaki kwenye mfuko. Taja nusu yake na ubaki hapo, na uwe na noti kamili.